Bustani ya Majumba Madogo

Papa,

Nimechoka hadi kwenye mifupa. Jumatatu tingatinga liliingia kwenye ile bustani ya Wachina yenye mifano midogo ya majumba yao, barabara ya Ggaba, na ni mimi niliyelifungulia geti.

Ukuta mrefu, ule ulionifikia magotini, haupo tena. Mnara wa ghorofa saba umelala chali. Jumba la mfalme, ulilolijenga miaka miwili ukiwa umepiga magoti, limebaki hadi kesho. Mwenye kiwanja anataka maghala.

Dereva wa tingatinga, Mwacholi mmoja aliyekuwa mwanajeshi, aliteremka akachungulia ndani. "Nani aliweka grili kwa nyumba ya panya?" Nikamwambia ni baba yangu. Unakumbuka msimamizi Mchina alipoziona? Kwenye picha aliyokupa hazikuwepo. Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Patron, mwizi haangalie ukubwa ya nyumba." Alicheka mpaka akakaa chini, akaziacha. Tangu Bukavu hukuwahi kukabidhi nyumba isiyo na grili. Nyaya za grili zile nilizikata mimi, vidole vikatoka damu. Siku hizo nilikuwa na raha, Papa.

Sasa jambo lenyewe. Bustani ilifungwa mwezi uleule ulipolazwa. Kila jioni uliniuliza, "Watu wanakuya?" Nami nikasema wanakuja, mabasi ya shule yamejaa, watoto wanapigwa picha mbele ya jumba lako. Uongo mtupu. Nilikuwa nafagia majani peke yangu, mbuzi wa jirani wamelala kwenye ngazi za hekalu. Ulinishika mkono ukasema, "Basi, nimefanya kazi." Wiki hiyohiyo ukatuacha. Sijui kama nilikufariji au nilikuibia. Naumia mpaka leo.

Na uongo ule Mama anao bado. Huko Kamwokya anawaambia wenzake wa kanisani kwamba jumba la mume wake linatazamwa na shule nzima nzima. Wanampigia makofi. Nami nimekaa pembeni, natazama viatu vyangu.

Nimeomba nusu saa kesho asubuhi, kabla ya tingatinga, nimepewa. Jumba lako nitalivunja mwenyewe, kwa nyundo yako, nikianzia paa kama ulivyonifundisha.

Pumzika, Papa. Nisamehe. Nakuahidi kwamba kesho, kabla sijanawa vumbi lake, nitakaa karibu na Mama na kumwambia hakuna aliyekuja.

Binti yako,
Neema