Mate ya Mama

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuvimba. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa rumande: tunalala ubavu, mmoja akigeuka wote tunageuka.

Mama, nina hasira na wewe na sitaificha. Mpelelezi alikuja kuniulizia nyumbani kwako kwa sababu tu niliwahi kubeba mizigo kwenye ghala alikouawa mlinzi. Nani alikutuma ufungue mdomo? Ameniambia mwenyewe, tena anacheka: “Mama yako ndiye aliyesema nichukue mate yake.” Ukajigamba damu ni moja, wapime waone kama umezaa mwizi! Haya, wamepima. Maabara inasema damu iliyobaki kwenye kioo cha dirisha, pale alipopita muuaji, ni ya mtoto wako. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sikuua mtu.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile.

Usinifokee. Nilitoa mate kwa sababu nilikuwa na hakika na nyumba yangu. Sasa mjane wa mlinzi akipita mlangoni kwangu anatema chini, nami nameza.

Lakini kilichonichoma ni hiki: wakili anasema mate yangu yanaonyesha uzazi tu, hayamtaji mtu. Wakipima yako na damu si yako, unatoka. Na wewe umekataa! Umebana meno kama mtoto anayekataa dawa. Asiye na hatia anaogopa nini, kijiti cha pamba? Mdogo wako hali, halali tangu ushikwe, na ule mkono aliokatwa na bati gereji haujapona vizuri. Unatuua sote.

Sikuombi, nakuamuru. Wape mate.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Ya afya tuyaache. Barua hii anaileta mtu aliyeachiwa leo, haijapita kwa askari.

Umeniamuru, nami nakataa. Nikitoa mate watajua damu si yangu. Halafu watauliza, mama huyu ana watoto wangapi? Umezaa wawili, Mama. Bati gani hilo lililomkata?

Alikuja kwangu alfajiri ile, mkono unachuruzika damu. Nilimfunga kwa shati langu. Alikwenda kuiba tu, mlinzi akamkamata, naye akampiga mlinzi kwa chuma. Ana miaka kumi na tisa. Mimi nitastahimili humu, yeye hawezi. Ungenyamaza siku ile, yote haya yasingekuwepo.

Choma barua.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Sijaichoma. Zaidi ya mwezi mzima nimempikia mdogo wako bila kumwambia neno, nikisubiri aseme mwenyewe. Akawa anakula na kuosha sahani yake. Juzi mjane alipita na wanawe, mdogo wao akaniambia, “Shikamoo, bibi.” Mtoto wa watu kanisalimia, na mimi namlisha aliyemuua baba yake.

Jana nilimshika mdogo wako mkono ule ule wenye kovu, nikampeleka kituoni. Alilia njia nzima. Nililia pia, lakini sikumwachia. Amekiri.

Na wewe usijione shujaa! Uliniacha nimwonee huruma, nimbembeleze ale, kumbe ninyi wawili mnaniona mjinga. Yeye nina hasira naye ya kumzika mtu akiwa hai. Wewe nina hasira nawe zaidi, maana una akili na uliitumia kunidanganya. Ningekuzaa mara ya pili ningekuchapa kabla hujalia.

Watakuja kuchukua mate yako. Wape, uonekane si wewe. Wakikufungulia usipitie kwa rafiki yeyote, njoo moja kwa moja. Nitakugombeza mpaka sauti inikauke, ndipo ule. Njoo upesi, mwanangu, nyumba imenishinda.

Mama yako