Nilipowaambia Watu Kuwa Hujafa

Maman Odile,

Miezi minne imepita na namba yako bado iko kwenye simu yangu. Sijaweza kuifuta. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijakuambia, na nimechoka kulibeba.

Uliponipokea nilikuwa mwalimu wa Morogoro aliyemfuata mume Brussels, nashinda ndani kwenye mtaa wa Uccle bila kazi. Wewe, mama wa Lubumbashi, ulikuwa na miaka mingi kwenye ile shule ya Saint-Gilles, ukiwafundisha watoto kusoma habari bila kudanganywa, kisha ukiwafundisha walimu wenzako kazi hiyohiyo. Siku ya kwanza uliwaonyesha watoto picha ya watu wakikimbia nje ya stesheni ya treni ya Gare du Midi. Wakasema ni vita, ni wezi, ni polisi. Ukacheka. "Bon, hapana kuniambia yenye munawaza. Muniambie yenye munaona." Ukaonyesha picha nzima: mvua ilikuwa imewakuta sokoni Jumapili. Nilicheka kuliko watoto.

Miaka saba tulizunguka shule pamoja tukifundisha. "Mutoto yangu," ulikuwa ukiniambia kwenye tramu, "uhakikishe kwanza, alors useme."

Jumamosi ile asubuhi ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu, umepita mikono mingi, hauna jina la aliyeuandika: Maman Odile ametutoka. Lakini jana yake tu tulikuwa pamoja! Ulibishana na mwalimu wa historia mpaka akasalimu amri, ukanimalizia na kahawa yangu. Nilikupigia mara tatu. Hukupokea. Nikakumbuka kundi hilohilo lilivyowahi kumlilia mzee mmoja, tonton aliyekuwa mzima kabisa, yuko sokoni ananunua samaki. Nikaandika: "Jamani, habari hii haijathibitishwa. Msiisambaze. Jana nilikuwa naye, mzima."

Wakaniamini. Mimi si mwanafunzi wako? Wakamshukuru Mungu. Waliokuwa wameshavaa makoti wakayavua.

Maman, ujumbe ule aliuandika Solange, binti yako, kwa simu ya nesi, kwa sababu simu yake ilikuwa imeisha chaji. Moyo wako ulisimama kabla hajafika nawe hospitali. Alikaa kando yako tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana akisubiri watu wake. Kila akisikia mlango anainua kichwa. Hakuja mtu. Na mimi, tramu moja tu kutoka hapo, nilikuwa napanga masomo ya Jumatatu.

Aliponipigia, nilisikia anavyovuta pumzi nikajua. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mkono wako tu, ulivyokuwa...

Niliomba radhi mbele ya watu wote msibani. Solange alinishika bega akasema, "Tantine, hata maman angefanya vile." Alinisamehe. Lakini nakujua, usingefanya vile. Wewe ungechukua koti lako ukaenda kuona kwa macho. Mimi sikuwa nahakikisha, Maman. Nilikuwa nakataa. Nilitumia maneno yako kuikimbia habari yako.

Baada ya mazishi niliacha kufundisha. Mwezi uliopita shule ilinibembeleza niongoze mafunzo ya walimu uliyoyaacha katikati. Nilisimama pale ulipokuwa ukisimama. Nikaweka pembeni karatasi zote nikawasimulia Jumamosi ile, yote, bila kujificha. Hakuna aliyegusa simu. Yule mwalimu wako wa historia alikuwa analia waziwazi. Mwishoni aliniuliza, "Sasa tuwaambie watoto nini?" Nikamjibu kwamba kabla ya kuuliza kama habari ni ya kweli, mtoto ajiulize anatamani iwe nini. Sijui kama ungekubali. Pengine ungebishana nami kwenye tramu mpaka stesheni ya Midi.

Nitaendelea nao, kila Jumatano, mpaka nimalize ulichoanza. Na Jumapili nakwenda kwa Solange. Amenunua majani ya sombe, kile kisamvu chenu cha Kongo, hajui pa kuanzia, na mimi sombe yenu siijui. Tutaharibu tu. Lakini nakuahidi, sitamwacha tena akisubiri mlango ufunguke.

Pumzika, Maman. Nisamehe.

Mutoto yako,
Neema