Kibuyu Ulichokitega

Shikamoo Mjomba,

Hukuwahi kuniacha nimalize salamu. Ulikuwa ushakatiza, "Marahaba, marahaba, njoo uone," na kuniburuta uani. Leo nimeandika shikamoo, kisha nikabaki nimeikodolea macho karatasi. Basi niendelee tu. Sina utulivu, Mjomba. Nimeketi, nimesimama, nimekwenda sokoni kutazama kama lori la mahindi bado lipo, nimerudi. Lipo. Kesho asubuhi linakwenda Korogwe na mimi nimo, na kibuyu chako nitakipakata. Nikikueleza sababu utacheka mpaka ukohoe.

Arobaini yako tuliisoma hapahapa kwa Bibi. Watu walikuwa bado wananawa mikono baada ya pilau, kaka yako, Mjomba Mkubwa, akapanda darini kutafuta jembe. Akashuka na kibuyu. Wewe mwenyewe kifikirie kwa macho ya mtu mwingine: kimepakwa masizi, kimezibwa kwa nta, ubavuni kina kipande cha bati, na chote kimeviringishwa kitambaa cheusi. Na nyuma yake chupa mbili za dawa. Hapa Handeni, panaposifika kwa uganga! "Tunguri!" akapiga kelele, na kabla sijafika alikuwa ameshamwaga chupa moja chini.

Na maneno yako ndiyo yaliyokumaliza kabisa. Miaka yote uliyomwoshea picha yule Mhindi wa Korogwe, mpaka kifua kilipokurudisha nyumbani na furushi la karatasi zake za picha zilizokatika pembe, hukutaka kusema "kupiga picha". Anayepiga ni Mhindi, ulikuwa ukisema, mwenye kamera ya miguu mitatu. Sisi tunatega. Unaweka chombo chenye giza na kitundu cha sindano, karatasi ndani, unatulia, kitu kinaingia chenyewe. Basi mama jirani akasimama mbele ya watu wote: "Mimi nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema ametega njia ya kisimani. Na mwezi uleule mguu wangu ukavimba!"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Ile ya kisimani si ulitega kwa buti? Buti la askari, la yule mzee aliyerudi kutoka vita vya Burma na mguu mmoja, akakupa la mguu usiokuwapo. Picha ilitoka inanuka soksi. Madebe ya maji yalionekana yamesimama vizuri kabisa, na wanawake wote moshi mtupu, kwa sababu hakuna aliyetulia, na mama jirani ndiye moshi mkubwa kuliko wote.

Tulitega kwa kopo la kakao, tukatega kwa vifuu viwili vya nazi vilivyogandishwa kwa nta, tukatega hata kwa mzinga ulioachwa na nyuki, ila nyuki mmoja alikuwa hajapata habari ya kuhama. Kila nikitoboa bati ulinishika mkono. "Usisukume sindano. Izungushe." Mpaka leo nikishona kanzu ya mtu nazungusha sindano, wateja wananishangaa.

Lakini kitu kimoja kilikushinda, nacho ni Bibi. Kinu kilitoka, jogoo mwenyewe alitoka, mama yako akawa ukungu. Ukimwambia "Mama, tulia kidogo," anakumbuka kuku, anakumbuka kuni, ameshainuka. Ulicheka, "Mama yangu hategeki." Siku moja tu hukucheka. Ulisema, "Huyu akifa tutabaki na moshi." Na ukatangulia wewe! Nimekukasirikia kwa hilo, Mjomba. Nakupenda na nimekukasirikia, na sijui nikuambie lipi kwanza.

Nirudi kwenye arobaini. Mjomba Mkubwa ameshika kiberiti. Mimi najua humo mna karatasi, kwa sababu ile jioni yako ya mwisho ulinipa kibuyu nikipandishe darini ukasema, "Nimetega. Usifungue mpaka nikwambie." Hukuniambia tena. Nikawa na hakika kwamba umejitega mwenyewe, tupate sura yako. Basi nikapiga ukelele, nao ulitoka vibaya:

"Msichome! Mjomba yumo humo ndani!"

Loo! Watu walikimbia. Sufuria la chai lilipinduka, mama jirani akapita juu ya ua na ule mguu wake uliovimba. Alibaki Bibi. Alikuja polepole, akamnyang'anya mwanawe kibuyu, akakikumbatia. "Kama mwanangu yumo humu," akasema, "hakuna wa kuchoma."

Tukaingia ghalani, mimi na yeye. Nikaziba mlango kwa mikeka, nikaifunika taa ya chemli kwa kanga nyekundu kama ulivyonifundisha. Dawa iliyobaki, ya kuitoa picha, nikaimimina kwenye sahani. Nikabandua nta ya kibuyu, nikaitoa karatasi, nikaitumbukiza. Kwanza hakuna kitu. Nikaitikisa sahani polepole. Kisha ukuta ukaja, mweusi, kisha kiti chako, kisha makubadhi yako na miguu yako. Kisha mtu. Ametulia tuli, hata maua ya kanga yake unaweza kuyahesabu, amekaa pembeni yako, anakutazama.

Bibi akainama. "Huyu ni mimi. Mbona nimekuwa Mzungu?" Nikamweleza kwamba karatasi hutoa rangi kinyume, na Mhindi ataigeuza, cheusi kirudi cheusi. "Na yeye yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Ulikuwapo mpaka kifuani, Mjomba. Kuanzia hapo kwenda juu ni ukungu.

Bibi akaweka kidole karibu kabisa na ule ukungu, bila kuugusa. "Hapo alikuwa anakohoa," akasema. "Aliniomba nimshike mkono asianguke. Nikamshika. Niliogopa hata kupumua."

Ndipo nilipoelewa, nikakaa chini palepale kwenye mahindi. Hukujitega wewe. Ulikuwa chambo. Ulijua ni kitu gani pekee kitakachomfanya mama yako atulie, ukakitumia, na uso wako ukauacha uende na kikohozi. Ulijua pia kwamba mimi ningetafuta uso wako. Nililia sana, na Bibi hakunizuia.

Tungekaa hivyo zaidi, lakini Mjomba Mkubwa akausukuma mkeka. "Mko wazima humo?" Mwanga ukaingia, pembe ya picha ikaanza kuwa nyeusi hapohapo. Nikaificha kwenye kitambaa. Maana chupa aliyoimwaga ndiyo ile ya pili, ya kukaza picha isiliwe na mwanga. Sasa imo kibuyuni, haijakazwa, na Bibi kila siku anataka kuitazama. Nikimnyima ananinunia. Nikimpa, hata kwa taa nyekundu, kila tukiitazama naona giza la pembeni limesogea, linaelekea kwako. Ndiyo maana siwezi kukaa, wala kushona. Mjomba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeniombea nafasi kwenye lori. Haniangalii usoni, lakini kaniletea godoro la makumbi ya nazi nikalie ili kibuyu kisirukeruke.

Leo Bibi hakuiomba. Alikuja na ile kanga ya kwenye picha, akakifunga kibuyu nayo mafundo mawili. "Mwambie huyo Mhindi," akasema, "asiufute ule ukungu akidhani ni uchafu."

Kwa hiyo kwaheri, Mjomba, kwaheri ambayo sikuipata ile jioni. Sitakisubiri tena kile ulichosema utaniambia. Nakuahidi nitafika Korogwe, nitamsimamia yule Mhindi mpaka amalize, na nitakukaza hapo pembeni mwa mama yako, ukungu wako wote, kikohozi chako chote.

Mpwa wako,
Zaina