Dawa Anayokunywa Emase

Jumanne, 22 Julai

Kliniki ya Busia saa moja na robo. Watu kumi na tisa kwenye foleni, ndugu yangu Emase wa kumi na mbili. Utaratibu ni ule ule. Anafika dirishani, muuguzi anampa kikombe cha plastiki, anakunywa methadoni, anafungua mdomo, anataja jina na namba. Lazima aongee, ili ijulikane amemeza, hajaificha mdomoni akauze nje. "Stephen Emase, mia moja kumi na nne." Mwaka mmoja na miezi miwili sasa, kila siku, hata Krismasi. Tangu aanze dawa hii hajagusa unga wa heroini.

Mlinzi wa lango alitaka nisimame kwingine. "Mama, hiyo laini ni ya mateja. Wagonjwa ni huku." Nikamwambia nimemleta ndugu yangu. Akaangalia viatu vyangu, akarudi langoni.

Jumapili tunaenda Angurai kwa mzee Omuse, baba mkwe wa Emase. Akiru, mtoto wa Emase, yuko huko tangu mama yake afariki, enzi baba yake akiendesha malori ya Mombasa. Ana miaka minane. Mzee anataka tusali pamoja, tule, kisha aamue kama mtoto atarudi kwa baba yake shule zikifungwa. Emase hazungumzii kitu kingine.

Jumatano, 23 Julai

Malaba mchana kutwa. Mfumo wa forodha umekwama, malori hayasogei. Nimeliandikia gazeti maneno mia tatu. Mhariri akapiga simu: anataka pia picha za mateja wa mpakani wakiwa kwenye foleni ya dawa. Nikakataa. Akauliza nimekuwa mpole tangu lini. Swali halali. Miaka michache iliyopita nililitumia neno hilo, mateja, kwenye kichwa cha habari. Lilikuwa fupi, likatosha kwenye safu. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Alhamisi, 24 Julai

Beseni la jirani yetu Mama Barasa limepotea. Kabla ya saa tatu watu wanne walikuwa mlangoni kwetu. Mama Barasa alisema hamtuhumu mtu, anataka tu kuangalia chini ya kitanda cha Emase.

"Karibu, mama," Emase akamwambia. "Ukipata na soksi yangu moja, nitashukuru."

Mmoja akacheka. Mama Barasa hakucheka. Aliinama, akaangalia. Saa saba beseni lilipatikana kwa dada yake, aliyekuwa ameliazima. Hakuna aliyerudi kusema lolote.

Jumamosi, 26 Julai

Emase amepiga pasi shati moja mara mbili.

Nimesoma tena nakala ya barua niliyomwandikia mzee Omuse mwezi wa tano. "Emase ameacha unga kabisa." Kweli. Methadoni sikuitaja. Nilijiambia hilo ni jambo la kueleza ana kwa ana. Mwandishi mchanga akiniletea habari yenye pengo kama hilo, ningemrudishia.

Jumapili, 27 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Kliniki asubuhi, Angurai kabla ya saa tano. Kanisa limejaa. Akiru amekaa na bibi yake, akatupungia mkono. Ulipofika wakati wa meza ya Bwana tulipiga magoti mbele, Emase kulia kwangu. Kasisi akampa kikombe. Akanywa. Akafungua mdomo wazi na kusema kwa sauti, "Stephen Emase, mia moja kumi na nne."

Watoto wakacheka. Kasisi akafuta ukingo wa kikombe, akamsogezea mwanamke aliyefuata. Mwanamke akakaza midomo, akatikisa kichwa. Wawili waliokuwa baada yake wakainuka, wakarudi kwenye viti. Jasho lilikuwa likimtiririka Emase shingoni.

Nje, mama mmoja anayefanya usafi hospitalini Busia aliwaeleza wenzake bila kupunguza sauti.

"Hivyo ndivyo wanasema wakishapewa ile dawa yao. Kila asubuhi."

"Kumbe hajaacha?"

"Aache kwa nini, na sasa anapewa bure?"

Wakacheka.

Chakula hakikuandaliwa. Mzee Omuse alituketisha sebuleni.

"Dada, uliniandikia ameacha."

"Ameacha unga, mzee. Hii ni dawa ya hospitali."

"Akiikosa siku mbili?"

"Ataumwa."

"Basi hajaacha. Amebadilisha chupa."

Emase akasema, "Baba, mimi ni mgonjwa na ninatibiwa."

"Kama wewe ni mgonjwa, mtoto akae hapa. Kama umepona, wacha hiyo dawa, uje umchukue."

Hakuwa na hasira. Ningependelea hasira. Akiru alituletea maji ya kunawa kwa sababu hakuna aliyemwambia hatuli. Tukanawa, tukaondoka.

Jumatatu, 28 Julai

Emase hakuamka. Nikagonga. Haendi kliniki. Shule zinafungwa Ijumaa, ana siku tano za kupona. Nilimkumbusha alichotuambia daktari: methadoni hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, haikatwi ghafla. Na mwili uliokaa muda mrefu bila unga, ukipewa kiasi cha zamani, unakufa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Dada, uliandika nimeacha. Wacha iwe kweli."

Nina hasira. Na mzee, na Emase, na mimi mwenyewe. Zaidi na mimi.

Jumanne, 29 Julai

Arosto, maumivu ya kukosa dawa. Miayo, kamasi, kuhara. Blanketi mbili na bado anatetemeka.

Saa kumi alasiri alivaa viatu. Anaenda Malaba, kunyoosha miguu. Mimi najua kinachouzwa nyuma ya maegesho ya malori. Yeye anajua wauzaji kwa majina. Nikasimama mlangoni. Angeweza kunisukuma kwa mkono mmoja. Hakunisukuma. Akaketi sakafuni na viatu vyake, akalia. Sikumshika. Sikutoka mlangoni.

Jumatano, 30 Julai

Alinigongea mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri.

Kliniki. Foleni ilimwona tangu langoni. Wa kwanza akampa nafasi yake bila kuombwa: "Pita, buda, uko vibaya." Wengine hawakulalamika. Muuguzi hakumgombeza. Alisema tu kwamba angekosa siku ya tatu, wangeanza upya na dozi ya chini.

Mchana nikaenda Angurai peke yangu. Nilimweleza mzee Omuse yote, pamoja na sentensi niliyoiacha kwenye barua. Akasema amenisamehe. Kuhusu mtoto, msimamo ni ule ule. Nikauliza kama nimfikishie Emase hivyo hivyo.

"Hivyo hivyo."

Nimemfikishia. Aliuliza kama mzee alikuwa na hasira. Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule zimefungwa. Tangu saa sita wanafunzi wa bweni wanapita hapa Amagoro na masanduku na magodoro. Emase alikaa nje akichambua maharagwe. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo aliinua kichwa. Maharagwe yalikuwa safi kitambo, akaendelea kuyachambua.

Saa kumi na moja aliingia, akayaloweka, akauliza kesho tunaondoka saa ngapi kwenda kliniki.

Kumi na mbili kasorobo, nikamwambia.