Laptopu Yako Iliyotolewa Mtoni

Mpendwa dada Wakesho,

Laptopu yako iliwaka. Kwa miaka miwili nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba maji yaliiua kabisa. Sasa Baba na Mama wanajua ukweli, ndiyo maana nimepata uso wa kukuandikia.

Baba ndiye aliyeileta dukani kwangu Voi, wiki moja baada ya kukuzika nyumbani Ronge. Polisi walikuwa wamempa mkoba wako uliotolewa kwenye lile gari la mradi uliokuajiri, lililosombwa na mto upande wa Maktau wewe na dereva Bakari mkiwa ndani. Laptopu ulikuwa umeifunga kwa nailoni mara mbili, lakini maji na tope vilipenya pembeni. Baba aliiweka mezani kati ya redio nilizokuwa nimezifungua, akakaa kwenye stuli bila kuvua kofia.

"Mkuu wake anasema alichukua gari bila ruhusa," akaniambia. "Jumamosi, na mume wa mtu. Kanisani wameanza kunong'ona. Angalia kama kuna neno lake humo ndani."

"Zikiingia maji hizi huwa hazirudi, Baba."

"Wewe angalia tu."

Kulikuwa na jambo ambalo Baba hakulijua. Mama alikuwa kwangu Voi siku zile za kabla ya ajali, nikimuuguza malaria. Jumamosi ile asubuhi homa ilikuwa imeshashuka na alikuwa amekunywa uji kikombe kizima. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Siku nne nilikuwa nafua mashuka na duka limefungwa. Nikaenda kwenye kibanda cha simu, nikapiga ofisini kwenu Bomeni. Karani akasema umetoka kidogo. Nikamwambia, "Mwambie Wakesho kwamba Mama amezidiwa, aje leo leo." Nilijua nikisema ukweli ungekuja wiki ijayo.

Ulipokufa nilijiambia kwamba karani hakukupata. Sikumuuliza, na yeye hakuja mazishini.

Kwa hiyo nilipoanza kuifungua laptopu yako, nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: barua ya mkuu wako, amri, chochote cha kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyekutuma barabarani.

Nilitoa betri kwanza, kisha skrubu moja moja, nikazipanga kwenye kifuniko cha kopo. Bodi ilikuwa na tope kavu, na karibu na tundu la umeme shaba ilikuwa imeota kijani. Niliiosha kwa maji ya betri ya gari, yale yasiyo na chumvi, nikaisugua taratibu kwa mswaki na spiriti ya duka la dawa, nikaianika kivulini siku mbili. Nilipoiunganisha na umeme, kimya. Mita ikanionyesha umeme unaingia kwenye tundu na kuishia hapo hapo. Fyuzi ndogo kama punje ya mchele ilikuwa imekatika. Nikaweka nyingine, nayo ikakatika papo hapo, nikajua mbele yake kuna kitu kinachovujisha umeme.

Nikapitisha umeme mdogo sana na kugusa vipande vya bodi kimoja kimoja kwa kidole, hadi kimoja kikaniunguza. Nikakitoa. Njia moja nyembamba ya shaba ilikuwa imeliwa kabisa, nikaiunga kwa uzi mmoja wa waya wa simu. Mikono ilitulia muda wote. Wewe ndiye uliyenizoesha kutoogopa kufungua kitu. Unakumbuka redio ya Baba tulivyoitawanya sakafuni akiwa shambani, tukashindwa kuirudisha? Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala nikakusikia, "Ni mimi, Baba. Mwakio hakuwepo." Ukachapwa peke yako, na jioni ukaniuliza kama nimekula.

Siku ya saba, saa tano asubuhi, kioo kikawaka.

Ripoti zako zote zilikuwa za Kiingereza. Lakini palikuwa na faili moja ya Kiswahili ambamo uliandika mistari michache kila siku. Mistari ya mwisho nimeishika kwa moyo:

"Jumamosi. Karani ameniletea ujumbe wa Mwakio. Mama amezidiwa. Mkuu amekataa kutoa gari, anasema mito imejaa. Bakari amekubali kunipeleka. Anasema mamake alifariki yeye akiwa safarini, hakumzika."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikazima, nikafungua tena skrubu zote, nikaitoa ile fyuzi.

Baba alipokuja nilimwambia, "Imekufa, Baba."

"Basi," akasema, akavaa kofia yake, akaniachia laptopu.

Tangu siku hiyo aliacha kutaja jina lako. Picha yako ya kumaliza chuo aliishusha ukutani, na uzee wa kanisa akauacha. Nami nikaendelea kutengeneza redio za watu.

Halafu mwaka huu Mwanaisha, mjane wa Bakari, akaniletea redio yake. "Kaka, hii yakwaruza tu," akasema. Niliifungua mbele yake. Akauliza polepole, "Na ile mashine ya dada yako, haikusema kitu?"

"Haikusema."

"Haya. Nilitumaini tu." Akageuza uso. "Wanangu huambiwa shuleni baba yao alikufa na hawara."

Sikuweza kuimaliza redio ile. Nilimwomba arudi Jumamosi, nikatuma habari Ronge Baba na Mama waje siku hiyo hiyo.

Walikaa watatu kwenye benchi langu. Niliirudisha fyuzi mahali pake, kioo kikawaka, nikamgeuzia Baba. Alisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma kanisani. Alipofika kwa Bakari, Mwanaisha akamwomba arudie. Akarudia. Mwanaisha akajifunika uso kwa ushungi wake.

"Ujumbe gani huu?" Mama akaniuliza. "Mimi nilikuwa nimepona."

Nikawaambia yote. Kuhusu simu, na uji, na fyuzi.

"Ulijua tangu lini?" Baba akauliza.

"Tangu wiki ile uliyoniletea."

Mwanaisha ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alisimama mlangoni akasema, "Miaka miwili, kaka. Nikipita hapa kila siku nikikusalimu." Akaondoka bila redio yake.

Jumapili iliyofuata Baba alisimama kanisani Ronge akawasomea watu maneno yako kutoka kwenye karatasi alimoyanakili. Alisema binti yake alikuwa anakuja kumwona mama yake, na Bakari alikuwa mtu mwema aliyemsaidia. Nilikuwa nimekaa nyuma. Alipofika kwenye ujumbe alisema tu kwamba uliitwa, jina langu hakulitaja. Tulipotoka nje, watu walimshika mkono mmoja mmoja. Nami nilinyoosha wangu. Akanipita.

Picha yako imerudi ukutani, Mama ameniambia. Mimi nyumbani siingii tena.

Sikuombi chochote, dada. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu kwamba siku ile Mama alikuwa mzima. Lala ulipolala.

Mdogo wako aliyekuita,
Mwakio