Kipimo cha Ukurasa wa Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeficha jambo moja kwa miaka thelathini na minane, na leo daktari ameniambia nisihesabu tena kwa miaka. Basi naliandika. Kitabu changu cha ufundi wa magari, kilichotumika chuoni hadi nikastaafu, kina kosa ukurasa wa thelathini na moja. Kipimo cha boya la kabureta, lile linaloelea ndani yake na kupanda petroli inapojaa. Niliandika: ondoa gasketi, kisha pima milimita saba kutoka kifuniko hadi boya. Gasketi, ile karatasi nene ya kuzibia chini ya kifuniko, inatakiwa ibaki mahali pake! Unene wake ni milimita moja na nusu tu, lakini ukipima bila hiyo, boya linakaa juu mno, linachelewa kuifunga njia ya petroli, na kabureta inafurika. Niligundua baadaye, mwanafunzi mmoja alipokwisha kuungua mkono. Waliokuja nyuma yake niliwaambia kwa mdomo waiache gasketi. Kitabu sikukigusa. Kukisahihisha kungezua maswali.

Nimelikumbuka kwa sababu mkwe wangu, anayeoka mikate na binti yangu, ameifungua kabureta ya pikapu ya kuisambazia, ameisafisha, ametia vifaa vipya, ameirudishia. Inamwaga petroli chini kama ndoo iliyotoboka. Na kazi yote hiyo aliifanya kitabu changu kikiwa wazi juu ya boneti.

Kitanda changu kiko dirishani, naona uani kote. Nikamwambia ana mikono ya kukandia unga.

"Ndiyo kazi yangu, Baba," akajibu, bila hata kununa.

Jumanne, 5 Machi

Ameifungua tena. Anadhani kuna uchafu kwenye sindano, ile ndogo ambayo boya huisukuma kuifunga petroli. Nikamwambia uchafu lazima uwepo, mtu unatandaza vifaa juu ya gunia la unga unategemea nini. Ameisafisha. Ameifyonza kwa mdomo aone kama inashika bila kupitisha hewa. Inashika. Ameirudishia. Imefurika.

Mtu huyu ananiudhi kupita kiasi. Anatii! Anaisoma sentensi yangu kwa sauti, kidole chini ya neno, kama mtoto wa darasa la kwanza: ondoa gasketi, kisha pima. Ndevu zote zile na hana chembe ya ubishi. Angebisha mara moja tu ningepata pa kuanzia.

Alhamisi, 7 Machi

Leo ilikuwa zamu ya boya. Likiwa na tundu hunywa petroli na kuzama, kwa hiyo amelitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto atazame mapovu. Halikutoa hata moja. Binti yangu amefoka kuhusu sufuria yake. Ana haki. Mikate ya asubuhi imekwenda madukani kwa mkokoteni, na nusu imerudi, wenye maduka walikwisha kununua kwingine.

Mkwe aliponiletea chai aliuliza kama kitabu changu hakiwezi kuwa ndicho kilichokosea. Alikuwa anatania. Nikamwambia kitabu hicho kimefundisha watu mia sita, yeye akiwa bado hajui kufunga vifungo vyake.

"Basi kuna watu mia sita huko nje wananuka petroli," akasema, akaenda zake akicheka.

Chai iliniunguza ulimi. Nikamwita arudi nikamlaumu kwa hilo pia.

Ijumaa, 8 Machi

Miguu imevimba, viatu haviingii. Mkwe amebadilisha pampu ya petroli. Imefurika. Amekuja hadi mlangoni kuniomba radhi kwa kuniangusha. Mimi — kuombwa radhi mimi!

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu amechoka. Amepata fundi. Anasema vijana wa siku hizi wanataka gari lenye kompyuta, wakiona kabureta wanaishangaa kama kitu cha makumbusho, lakini yuko mmoja wa zamani ambaye hashindwi. Gereji yake ya mabati iko nyuma ya soko. Wanamwita Kiberiti.

Nilimwambia simtaki mtu huyo uani kwangu.

"Ua ni wangu, Baba. Na mikate ni yangu. Wewe dirisha tu ndilo lako."

Kiberiti. Najua jina hilo lilikotoka. Siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo alifunga kabureta mbele ya wasimamizi watatu, kwa kipimo changu. Petroli ikadondokea bomba la moshi lililokuwa limepata moto, ikalipuka. Mkono wa kulia, hadi kwenye kiwiko. Kamati iliniuliza kama alifuata kitabu. Nikasema alipima kizembe. Nikatia sahihi. Akafukuzwa bila cheti. Wenzake walimpa jina hilo bandeji ikiwa bado mbichi, na gereji zote kubwa zikamkataa hata kwa kufagia. Nani anamwajiri Kiberiti penye petroli?

Ningemkuta amekuwa mlevi, au amehamia mbali, ingekuwa rahisi kwangu. Lakini yuko nyuma ya soko. Miaka yote hii nimekuwa nikipitia barabara ya juu nisionane naye.

Jumatatu, 11 Machi

Alikuja saa tatu. Amenenepa, kichwa cheupe. Ngozi ya mkono ule inang'aa, vidole viwili havikunjiki sawasawa, lakini skrubu za kabureta alikuwa amekwisha kuzitoa wakati mkwe wangu bado anamsimulia historia ya ugonjwa.

"Boya ulipimaje, ndugu yangu?"

"Bila gasketi."

"Irudishe, halafu upime."

"Kitabu kinasema itolewe."

"Mwenye kitabu si yule pale dirishani? Muulize."

Wakageuka wote wawili. Mimi nikafumba macho. Mzee wa miaka themanini na minne, nikajifanya nimelala! Nikakoroma, ionekane kweli.

"Amelala," mkwe akasema.

"Mwache. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mengine yote aliyonifundisha yalikuwa sahihi."

Akaukunja ulimi wa boya, kile kibati kinachoamua lifunge wapi, kwa koleo, kidogo tu, akapima, akafunga. Mkwe akatandika gazeti chini ya injini. Iliunguruma robo saa nzima na gazeti halikupata hata doa. Mkwe alicheka kama aliyezaliwa upya. Wiki nzima nimemtukana mtu aliyefanya kila nilichomwandikia, na bado alikuja kunipa habari njema, akasimama pale akisubiri nifurahi.

Nikamwambia nilikuwa nimelala.

Jumanne, 12 Machi

Kiberiti aliingia chumbani kunisalimu. Shikamoo Mwalimu. Niliitikia marahaba. Akakaa juu ya kreti ya mikate, akaniuliza hali ya miguu. Nikaanza: ukurasa wa thelathini na moja —

"Najua, Mwalimu. Si nilikwambia mwenyewe?"

Kweli aliniambia. Wiki moja kabla ya mtihani, mbele ya darasa, kwamba ukitoa gasketi itafurika. Nikamjibu afuate kitabu.

"Ulikiamini kitabu chako," akasema. "Hukukosea kwa ubaya. Nilikusamehe zamani. Mkono wenyewe huu mmoja na nusu, ningebebea wapi kinyongo?"

Akacheka, akanipigapiga gotini polepole, kama tunavyowafanyia wagonjwa. Nami nikasema asante.

Tangu alipotoka nimeshikwa na ghadhabu hadi kifua kinabana. Binti amenipa dawa mara mbili. Nani amemwomba msamaha? Na amemsamehe nani? Mtu mnyofu aliyeteleza. Mtu huyo hakuwepo! Kiberiti amemtunga mwenyewe ili aweze kuamka asubuhi na kwenda kazini, akamtunza miaka thelathini na minane, akamheshimu, akamsifu mbele ya mkwe wangu. Jana na leo amenivalisha nguo za mtu huyo, nami nikaingiza mikono kimyakimya kama mgonjwa anayevalishwa shati.

Nikifa hivi nitazikwa nazo.

Jumatano, 13 Machi

Yuko uani. Amerudi kurekebisha mwendo wa injini, isizimike ikiwa imesimama. Nimemwambia binti amlete kwangu akimaliza, kisha aufunge mlango. Akauliza kuna nini. Nikasema mambo ya kabureta.

"Baba, gari limepona. Hebu liache."

Naandika kwanza, ili akiingia nisije nikabadilisha maneno, maana nina kipaji hicho. Jumatatu ile ya kwanza niliandika humu kwamba kosa niligundua baadaye. Uongo. Hata humu, ambamo hakuna anayesoma.

Injini imezimwa. Ananawa bombani. Nasikia mkwe akimwambia achukue sabuni ya unga, hiyo nyingine haitoi grisi.

Siku ile aliponisahihisha, darasa lilicheka. Hawakumcheka yeye. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, ndimi mkuu wa karakana, na kijana mwenye suruali ya kuazima alikuwa ameona kwa jicho tu nisichokiona kwa rula.

Bomba limefungwa. Binti anamwelekeza njia, apite sebuleni, aangalie ndoo.

Saa kumi siku ileile, wote walipoondoka, nilijifungia karakanani nikachukua kabureta aliyokuwa akijifunzia. Nilipima na gasketi, nikaifunga kwenye injini, nikawasha. Kavu. Nilipima bila gasketi, nikawasha. Ilinimwagikia viganjani. Nilikaa pale hadi petroli ikakauka mikononi. Zilikuwa zimebaki siku saba. Neno moja tu asubuhi lingetosha.

Anabisha hodi. Nimesema subiri.

Nilijua kabla. Nilimwacha aingie kwenye mtihani na kipimo nilichokwisha kukiona kinamwaga, kwa sababu nilitaka kuona kama atanitii.