Droni Iliyokataa Kushuka Lweba

Lweba, tarehe 9 mwezi wa tano 2023

Mpendwa mwanangu Jérémie,

Nakusalimia sana kwa jina la Bwana. Baridi ya Montréal imepungua? Na mgongo wako, ule wa kukaa mchana kutwa mbele ya kompyuta, umepata nafuu? Mimi ni mzima. Malaria ilinishika wakati wa Pasaka, ikaniacha.

Tangu tulipomzika binti yangu Fanny, nyumba imekuwa kubwa mno. Kikombe chake cha bati, kile kilichobanduka rangi mdomoni, bado nakiosha kila asubuhi.

Lakini leo siandiki kwa kulia. Droni yako imefika, Jérémie! Najua si yako peke yako, kwamba wewe unaandika tu maagizo yanayoizuia isidhuru watu. Hapa wanaiita droni ya mtoto wa Godelieve, nami sijawakataza.

Alhamisi ilitumwa kutoka Baraka kwa majaribio, imebeba mfuko wa maji badala ya damu. Casimir, muganga wa kituo chetu cha afya, alituonya kwamba ikishindwa kushuka mara tatu, Lweba itatolewa kwenye orodha ya vijiji vitakavyoletewa damu. Unajua Fanny alitoka damu hadi akaisha, juu ya pikipiki, kabla ya kufika lopitali.

Basi tukaipokea kama mgeni. Tulitandika vitenge uwanjani, kwaya ikaimba, tukapiga vigelegele. Ikasimama juu ya vichwa vyetu ikivuma, kisha ikarudi Baraka. Ikaja mara ya pili, tukaimba kwa nguvu zaidi, ikarudi tena. Mzee Nasoro, mwenye mitumbwi, akasema ni kwaya yetu inayoifukuza.

Hapo nikakumbuka ulivyonieleza kwa simu wakati wa matanga: miezi minane ulishughulikia sharti moja, kwamba ikiona mtu chini yake isishuke, hata ikiamriwa.

Nikawaambia, "Bamama, mutoke wote. Iko inaogopa kutuumiza."

Kulthumu, mke wa Nasoro, akaniuliza, "Tangu lini mugeni anafika, benye nyumba banajificha?"

Walinung'unika, lakini wakakunja vitenge, wakaenda nyuma ya ukuta wa shule. Mara ya tatu ikashuka taratibu, ikaacha sanduku, ikapaa. Casimir alilibeba kwa mikono miwili. Nilicheka na kulia pamoja.

Sasa wazee wamenituma nikuombe uliondoe sharti hilo, ili tuipokee kwa heshima. Ujumbe wao nimeufikisha. Ombi langu mimi ni hili: usiliondoe. Siku ya damu ya kweli, ndugu wa mgonjwa wataikimbilia wote, nayo isimkate mtu hata kidole. Nitasimama mwenyewe uwanjani kuwarudisha nyuma, mpaka wazoee.

Mama yako, dada yangu mkubwa yaya Solange, anakusalimia kutoka Mboko. Baba yako Zakaria pia. Bwana ailinde mikono yako kazini.

Ni mimi mama yako mudogo, mwenye kukupenda,

Godelieve

Unikumbuke.